Kofia ya Soja Kwenye Goti la Kushoto

Kama ulikuwa na haraka ya kufika Kibomet, hukufaa kuongozana na Wekoye. Kutoka soko la Kitale hadi nyumbani kwake si mbali, lakini kila kona ilikuwa na mtu wa kumsimamisha. Muuza viatu vya mitumba angemwacha mteja na kiatu kimoja mguuni ili aje kumsalimu. Akina mama waliokuwa wakianika mahindi kwenye maturubai wangeinua vichwa na kuanza kucheka kabla hajafungua mdomo, maana uso wake ulikuwa wa kuchekwa, na yeye alishazoea.

"Niaje Soja! Fungua geti bana!"

Na Wekoye, mzee wa miaka sitini na ushei, mwenye goti bovu na pengo la jino mbele, angejiweka wima, apige saluti ya kivivu, kisha afungue kwa taabu geti ambalo halikuwapo. Watu wangevunjika mbavu. Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Nusu ya Kitale haikujua kama ana jina.

Hakuwahi kuwa nyota, na ni vizuri tuseme hivyo mapema kabla mtu hajamvika taji asilolitaka. Kwa karibu miaka thelathini alikuwa yule mtu anayepita nyuma ya nyota. Alikuwa tarishi anayeleta habari mbaya na kutoka. Alikuwa mpishi wa tajiri, shahidi anayegugumia kortini, mzee wa kanisa anayesinzia, chifu anayefika mambo yakiwa yameshaharibika. Mara moja alikuwa maiti, na mama yake huko Myanga alikataa kula siku nzima ingawa mwanawe mwenyewe alikuwa ameketi naye jikoni akimbembeleza. Wakubwa wa studio walimpenda kwa sababu alifika mapema, alijua maneno yake na ya wenzake, na alikuwa na sura ambayo ungeapa umewahi kuiona mahali. Wakitaka mtu wa kufungua mlango, walimwita Wekoye.

Kazi moja tu ndiyo iliyomkaa kama ngozi. Ilikuwa michezo ya runinga ya kila Alhamisi iliyoitwa Ploti Namba Tisa, habari za wapangaji wa nyumba za kukodisha, wizi wao wa maji, mapenzi yao na vita vyao vya kamba ya kuanikia nguo. Wekoye alikuwa soja wa getini. Alivaa koti kubwa, sweta ya kijani iliyochungulia chini ya koti, na kofia ya kitambaa kizito iliyomfika masikioni. Maneno yake yalikuwa machache. Lakini karibu na mwisho wa kipindi, baada ya wapangaji kugombana hadi wakachoka, kamera ilimtafuta pale getini, na yeye angetikisa kichwa kama mtu anayetaka kusema jambo akaona heri anyamaze. Watu walikaa hadi mwisho kwa ajili ya kile kichwa.

Sasa, kuna siku alizokuwa akiketi kwenye kistuli chake, anavua kofia, anaiweka juu ya goti la kushoto. Nchi nzima iliona. Hata Kitale, wanaume wakiwa wamechoka baa walivua kofia na kuzitundika magotini, na mhudumu alijua hapo hakuna tena wa kuagiza. Watazamaji walidhani ni mbwembwe za Soja. Mtu mmoja tu ndiye aliyejua maana yake, na mtu huyo alikuwa Kibomet, ameketi juu ya gunia la sukari kwenye duka la Wahome.

Huyo ni Edah, mkewe.

Walipooana hawakuwa na simu, na barua za siku zile zilifika zikijisikia. Wekoye alifanya kazi Nairobi, Edah alibaki Kibomet na binti yao Pauline, kwenye nyumba ya mabati waliyoijenga pole pole. Kipindi kilirekodiwa Jumatatu na kuonyeshwa Alhamisi. Usiku mmoja kabla ya kuondoka, Wekoye alimwambia mkewe, "Wewe nitazame tu. Ukiona nimevua kofia nikaiweka goti la kushoto, jua naja mwisho wa mwezi. Nisipovua, usinitafutie kuku."

Bwana Kagwe, aliyekuwa akiongoza michezo hiyo, hakupenda. "Soja anavua kofia kazini? Nani alisema?"

"Soja amechoka, bosi. Hata soja ako na kichwa."

Kagwe akacheka, na kofia ikapita. Tangu hapo Edah hakukosa Alhamisi hata moja. Duka la Wahome ndilo lililokuwa na runinga ya kwanza mtaani, imewekwa kwenye rafu katikati ya pakiti za unga, na Nyaruai, mke wa Wahome, alimwekea Edah lile gunia kama kiti chake rasmi. Wengine waliwacheka wapangaji. Edah alitazama magoti. Kofia ikishuka, yeye anainuka kabla kipindi hakijaisha, uso umemng'aa.

"Mama Pauline, si imalize kwanza?" Nyaruai angemuuliza.

"Niko na kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kumkamata jogoo na kumfunga mguu, ili mwisho wa mwezi ukifika asianze kukimbizana naye mbele ya watu. Na Wekoye alikuja. Hilo hakuna anayeweza kumnyang'anya. Miaka yote ile ya kofia, alikuja, iwe mvua, iwe amepanda lori la mbao, iwe ana homa. Alifika, akaketi, na Edah akamletea sahani ya ugali na kuku, firigisi ikiwa juu, peke yake, kama mgeni wa heshima. Kwao Bungoma firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Haiulizwi wala haigawanywi. Mwanamke anayeila amesema kwa mdomo uliofumbwa kwamba katika nyumba hii hakuna mwanamume, na hiyo si lugha ya utani.

Kisha zikaja simu za mkononi, na hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Kofia haikujua kudanganya. Ukishaiweka gotini mbele ya nchi nzima, huwezi kuirudisha kichwani ukasema samahani kumetokea jambo. Simu ilikuwa kitu kingine. Ploti Namba Tisa ilikuwa imekwisha, waigizaji wametawanyika, na Wekoye alikuwa anakimbilia kazi huku na huku, matangazo ya sabuni, sinema za wageni zilizotaka wazee wa kusimama nyuma. Alimnunulia Edah simu, akajisifu kwamba sasa watazungumza kila siku. Wakazungumza. "Naja Ijumaa, mama." Ijumaa ikifika, "Kumetokea shuti ya sinema, wiki kesho." Wiki kesho ikawa na wiki kesho yake. Nisimwonee, kazi zilikuwepo. Lakini pia kulikuwa na kibanda cha chai Nairobi ambako kila aliyeingia alimwita Soja na kumlipia mandazi, na Kibomet kulikuwa na ua uliolegea na mwanamke aliyejua kwamba anakoroma.

Krismasi moja hakuja kwa sababu ya sinema kubwa ya wageni. Alimwambia Edah, "Safari hii mtaniona vizuri, nimesimama na staa mwenyewe." Sinema ilipofika kwenye chumba cha video Kitale, Edah alienda na Nyaruai, amevaa nguo ya kanisani. Walitazama mwanzo hadi mwisho. Mahali fulani katikati, geti likafunguliwa na gari likaingia, na kwenye geti palionekana mkono.

"Ni yeye," Edah alisema.

"Wapi?"

"Ule mkono. Angalia kidole, ile kucha ilifinywa na mlango wetu."

Nyaruai alitaka kucheka, akamtazama, akaacha. Edah aliendelea kukodolea kioo hata geti lilipokuwa limefungwa zamani.

Basi ikafika mwaka wa 2006. Simu ya Wekoye ilikuwa imeanza kunyamaza. Kagwe alikuwa amestaafu, na vijana waliochukua studio walitaka sura mpya. Goti lilimuuma. Siku moja ya Oktoba aliamka kwenye chumba chake cha kupanga, akasikia harufu ya mvua kwenye vumbi, na hamu ya nyumbani ikamjia ghafla hadi akaketi kitandani. Alitaka jiko lake. Alitaka kumsikia Edah akigombana na kuku. Akafungasha kila kitu, safari hii si cha wiki moja, na hakupiga simu. Alitaka kumshtua kwa furaha, kama wanavyofanya kwenye michezo.

Alikuta kufuli mlangoni. Majani yalikuwa yameota kwenye kizingiti, na kwenye kibanda cha kuku hamkuwa na hata unyoya.

Nyaruai alimwona akizunguka nyumba, akatoka dukani akifuta mikono kwenye aproni.

"Baba Pauline! Kwani hukuambiwa? Mama alienda kwao, Malakisi."

"Kwenda kufanya?"

"Ai, si wewe ulimwambia unakuja? Mara ya kwanza akapika, hukuja. Mara ya pili hivyo hivyo. Hiyo ingine, asubuhi nikaona amefunga mizigo. Kila mara alikuwa anakuja kununua mafuta na nyanya, anasema ati mzee anafika leo. Mimi namuuliza, amepiga simu? Ananyamaza tu."

"Mimi sikumwambia nakuja!"

"Sijui. Alikuwa anaona kwa TV. Hiyo yenu ya Ploti, wameanza kuirudisha tena, Alhamisi."

Wekoye alisimama pale na begi mkononi, kisha akaanza kucheka kwa sauti, hata mteja akachungulia. Marudio! Stesheni ilikuwa imekosa michezo mipya, ikafukua kanda za zamani, na Soja wa enzi zile alikuwa anavua kofia kumwahidi Edah safari za miaka kumi na mitano iliyopita. Maskini mke wangu, aliwaza, amenidhania mwongo kwa kosa la kanda. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi namna hiyo. Angeeleza, wangecheka pamoja, wangerudi nyumbani.

Lakini mke aliyerudi kwao hafuatwi na mume peke yake kama anayefuata mbuzi. Wekoye akaenda kwanza Myanga kumchukua Makokha, ndugu wa baba yake, mzee mfupi aliyewahi kuipeleka posa ya Edah na ambaye mpaka leo alijiona ndiye mwenye ndoa. Makokha alisikiliza habari ya marudio, akaomba aelezwe tena, kisha akavaa koti.

"Hiyo ni kesi laisi," alisema. "Wewe nyamaza, mimi nitaongea."

Malakisi walimpokea Soja vizuri kupita kiasi. Hilo ndilo lililomtia hofu. Habari ilitangulia, na walipofika kwa Hillary, kaka mkubwa wa Edah, ua ulikuwa umejaa majirani kuliko inavyofaa kwa shauri la mke na mume. Banda la kukaushia tumbaku lilikuwa tupu, harufu yake bado iko kwenye kila kitu, hata kwenye chai. Edah aliketi upande wa wanawake, kando ya shangazi yake Phelista, kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa amekonda. Hakumtazama mumewe, na Wekoye, aliyemwona mara ya mwisho Pasaka, na hiyo kwa siku mbili, aliona nywele za mvi zikichungulia kwenye kitambaa na hakujua zilianza lini.

"Mulamwa," Hillary alisema, kama mashemeji wanavyoitana kule, "karibu. Lakini sema ukweli. Huyu dada yetu alikuja hapa na mizigo kama mtu amefukuzwa. Sisi hatukumuuza. Wewe unamtaka ama humtaki?"

Makokha alianza hotuba, lakini Wekoye hakuweza kungoja. Alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno njiani, na sasa hakuona hata moja. Akamtazama Edah, midomo ikaanza kumcheza, na machozi yakamshuka mbele za watu, machozi ya kweli ambayo hakuyaita.

Watu wakapiga makofi.

"Kama ile siku alifukuzwa kazi kwa ploti!" Phelista alisema, mkono kifuani. "Yaani vile vile! Mpaka mdomo!"

Ua wote ukacheka. Hillary naye alikuwa anatabasamu akijaribu kutotabasamu. "Mulamwa, tunajua unalia vizuri. Hiyo tulishaona. Sisi tunataka maneno."

Hapo Wekoye aliuonja uchungu wa kazi yake kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelia kwenye kioo cha runinga mara nyingi, akimwazia mama yake, akiwazia mazishi ya baba yake, akichota kisima chake cha kweli kuwapa watu burudani ya Alhamisi. Sasa alikuwa na haja ya machozi hayo, na hayakuwa yake tena. Uso aliopewa na Mungu ulikuwa umetumika kote nchini. Alipangusa macho na kuketi, na aibu ilikuwa inamchoma masikio.

Ndipo Makokha akapata nafasi yake. Alieleza habari ya marudio kama wakili. Kwamba ile Ploti ni ya zamani. Kwamba stesheni inarudia bila kuuliza mtu. Kwamba kofia aliyoiona Edah iliwekwa gotini wakati Pauline yuko shule ya msingi, na Pauline sasa ni mama wa watoto wawili huko Webuye. "Kwa hivyo huyu mutu hakudanganya," alimaliza. "Aliyedanganya ni stesheni. Na stesheni hatuwezi kuita hapa."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Hillary alipiga paja. "Ati marudio! Sasa hiyo si imeisha? Edah, umesikia? Kosa si ya mzee." Mtu mmoja tayari aliuliza kama kuna mbuzi. Wekoye akahisi kifua kikifunguka, akainua macho kumtazama mkewe, akiwa tayari kucheka naye.

Edah hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?" Hillary akauliza.

"Nilijua ni ya zamani." Hakupaza sauti, na kwa hiyo kila mtu alinyamaza ili amsikie. "Mnanifanya mimi mjinga? Huyo wa kwa TV ako na meno yote. Na ile sweta ya kijani nilifuma mimi, iliungua na jiko Pauline akiwa darasa la pili. Nikiona sweta iliyoungua inatembea, sitajua ni zamani?"

"Sasa ulipika kuku ya nini?" Makokha aliuliza, amechanganyikiwa kabisa.

"Nilipikia huyo."

"Huyo gani?"

"Huyo wa kofia. Huyo alikuwa anakuja." Sasa alimgeukia Wekoye, na ingekuwa heri asingegeuka. "Wewe ulikuwa unaniambia kwa simu unakuja, na hukuji. Nikaacha kukungoja, na kuacha kungoja ni ngumu, unakaa tu kama nyumba haina mtu. Halafu siku moja nikakuona umeweka kofia kwa goti. Nikasikia vile nilikuwa nasikia. Nikasema, wacha nipike. Nilijua hakuna mtu anakuja. Lakini kufunga jogoo mguu, kuchota maji, kuangalia njia, hiyo yote nilikuwa nimekosa sana. Nilitaka tu kungoja mtu ambaye anakuja."

Phelista alikuwa ameficha mdomo kwa kiganja.

Makokha, kwa kuwa alikuwa mzee na ilimbidi aulize, aliuliza kwa sauti ndogo. "Na firigisi?"

"Ya kwanza niliweka mpaka ikaharibika. Ya pili pia."

"Na ya mwisho?"

"Nilikula."

Mzee Makokha alitazama chini. Mwanamke mmoja nyuma alivuta pumzi kama aliyechomwa na mwiba. Hata wale waliokuja kumtazama Soja walielewa kwamba hapa hakuna mchezo tena, wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Wekoye alibaki ameketi. Hakulia. Kila alichojua kufanya kwa uso wake kilikuwa kimeshachezwa mahali, kwa hiyo hakufanya chochote. Alimwonea wivu yule kijana mwenye sweta ya kijani, wivu mkali wa mwanamume kwa mwanamume, na hakukuwa na wa kupigana naye. Mwishowe alisema, "Nimerudi, Mama Pauline. Si wiki moja. Nimetoa vitu vyote kwa ile nyumba ya Nairobi."

"Nimesikia."

"Nifanye nini?"

"Usinifanyie kitu. Hata usilie." Alifikiri kidogo. "Enda nyumbani ukae. Mimi sijawahi kukuona umekaa."

Shauri likaishia hapo, bila mbuzi. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, na Makokha alitaka kuwahi Myanga. Wekoye aliaga wazee, kofia mkononi. Alipofika kwenye mpaka wa ua aligeuka kutazama nyuma, na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukatafuta goti la kushoto. Akauzuia. Hakuwa na safari ya kuahidi tena. Akaivaa kofia yake kichwani.

Edah alikuwa ameketi pale pale kwenye kistuli, peke yake sasa. Alikuwa anamtazama. Pole pole alifungua kitambaa chake cheupe kichwani, akakikunja mara moja, mara mbili, na kukiweka juu ya goti lake la kushoto.

Wekoye alishindwa kuendelea kutembea hadi Makokha alipomvuta mkono. "Nini?" mzee aliuliza. "Amesema nini?" Wekoye alikuwa anahesabu siku zilizobaki mwezi uishe.

Watu wa Kibomet walishangaa mwezi ule. Soja hakuonekana mjini. Walimsikia akigonga misumari. Alikaza ua uliolegea, aling'oa majani ya kizingiti, akanunua jogoo kwa Nyaruai na kumfunga mguu mapema mno, hata Nyaruai akamwambia atamkondesha. Alhamisi, kicheko kilisikika kutoka dukani kwa Wahome, na wakamwita aje ajione. Hakwenda. Alijua kofia inashuka muda gani, akakaa mlangoni kwake akitazama njia.

Siku ya mwisho wa mwezi alichinja. Alipika vibaya, chumvi ikazidi, akaongeza maji, ikapungua mno. Maisha yake yote kwenye kioo alikuwa amefungulia watu geti, na sasa alilifungua la kwake na kuliegemeza jiwe lisijifunge. Kisha akaketi. Kila aliyepita alionekana Edah kwa mbali, akikaribia anakuwa mtu mwingine. Jioni ikaingia. Mchuzi ukaganda juu. Alifunika sahani na kuacha geti wazi, na hakuna mtu aliyekuja.

Usingizi haukumjia. Alikumbuka Ijumaa zake zote za kwenye simu, akaelewa kwamba kila moja ilikuwa hivi, na kwamba alizisema huku anakunywa chai.

Asubuhi alipasha kuku moto. Alikuwa na njaa, akala bawa. Firigisi aliitazama ikiwa juu ya sahani ya bluu, ile ya Edah. Kwa haki ilikuwa yake yeye, mwenye nyumba, na hakuna mtu duniani ambaye angemlaumu. Akaifunika tena. Mchana akapasha tena. Ilikuwa imeanza kuwa nyeusi.

Edah aliingia baada ya saa za chakula, mzigo kichwani, viatu vimejaa matope ya njiani. Alisema daraja lilikuwa limeharibika na abiria wote walilala Bungoma. Alisema hivyo kwa namna ya kawaida, kama aliyetoka sokoni, akatua mzigo. Alitazama ua, akatazama jiwe getini. Kisha akaenda mezani na kufunua sahani ya bluu.

"Hii hukula?"

"Sikula."

"Tangu jana?"

"Ni yako."

Edah alisimama na kifuniko mkononi. Angeweza kumrudishia, na mila ingekuwa upande wake, na mambo yangerudi pale yalipokuwa. Alivuta kistuli, akaketi, akaitia mdomoni. Ilikuwa imekauka na kuwa ngumu kama kiatu. Aliitafuna pole pole, yote, akimtazama mumewe aliyekaa.